Mabuti Niliyomfunga Deo

Majengo, Mpanda
Alhamisi, mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umekaa kwenye kiti chako cha ngozi, kifua kimetulia, na ile dawa ya magome aliyokuletea Mama bado inasaidia. Mama naye anaendeleaje? Mguu wake unaomsumbua kila mvua zikianza, umeshaanza? Na mizinga ya upande wa bondeni, nyuki wamerudi au siafu bado wamewatawala? Mimi mwili hauna tatizo. Nakula kidogo, nalala kidogo, natembea. Mengine utayasikia humu ndani.

Dada Resti, najua ni wewe unayesoma, kwa kuwa Baba na maandishi hawajawahi kuelewana. Nakuomba usome yote kama nilivyoandika. Tabia yako naijua. Ukifika mahali pabaya unakohoa, halafu unaruka mistari miwili, ukidhani unamsaidia mzee. Leo usimsaidie. Tena kabla hujaendelea, nenda kamwite Baba Mdogo Alfonsi aje akae hapo asikilize, hata kama yuko kilabuni. Yeye asipokuwepo, barua hii haina kazi.

Sasa kama amekaa, endelea.

Naandika nikiwa kwenye kibanda cha binamu yetu Sesi, hapa anapouzia dagaa. Nilikuja asubuhi na gari la kambi yetu ya uwindaji kununua unga, na chumvi ya kuwekea ngozi. Sesi aliponiona hakunisalimia vizuri. Alinivuta nyuma ya kibanda akaniambia kwamba nyie huko Mwese mmeshakubaliana. Jumapili baada ya misa, Baba Mdogo na vijana wa ukoo watashuka kwenda Sibwesa, kwa Mzee Maganga, mfuata nyayo mwenzangu, eti ndiye aliyemloga mdogo wangu Deo. Alisema mnakwenda kumhamisha. Nimekua huko, najua kumhamisha mtu ni kufanya nini. Nyumba inawashwa moto, na asiyewahi kutoka anabaki humo. Mzee Maganga ana mke asiyeona vizuri, na wajukuu watatu.

Gari la kambi limeondoka bila mimi. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, nikamwambia aende. Sesi anapanda Mwese kesho alfajiri, na barabara ikikubali atafika kwenu Jumamosi. Ndiyo maana naandika haraka, na karatasi hizi zinanuka dagaa, mnisamehe.

Baba, Mzee Maganga hakumloga Deo. Deo amekufa kwa mkono wangu. Nilikuja kwenye mazishi, nikala chakula cha matanga, nikakaa na wewe kwenye mkeka siku tatu, watu wanakuja na kuondoka, na sikusema. Leo nasema.

Ilianza na mabuti. Najua hujawahi kusikia habari ya mabuti, kwa sababu nilihakikisha husikii.

Mwezi wa tisa alikuja kambini mgeni mmoja wa kuwinda, mzee wa Kizungu mnene, mpole, anayecheka mwenyewe kabla hajamaliza hadithi. Alikuwa na mabuti ya rangi ya udongo, marefu, yanaishia chini kidogo ya goti. Unajua mbuga zetu zilivyo huku bondeni. Hata kiangazi kuna mahali nyati wanalala kwenye tope, na sisi tunaowafuata lazima tuingie humo humo. Tulikuwa tumetoka kwenye maji, sisi wote katambuga zetu za tairi zinalia kwenye nyayo, yule mgeni akabaki amesimama kwenye maji anavuta sigara. Alipomaliza akatoka, akakaa kwenye bampa ya gari, akavua buti, akavua soksi, akatupa tushike. Soksi nyeupe. Baba, ilikuwa kavu. Tuliipitisha mkono kwa mkono, mpishi akainusa akasema bado ina harufu ya sabuni, tukacheka sana. Bwana mwindaji anayetuongoza akatutafsiria kwamba ndani ya ngozi kuna kitambaa cha pekee, maji hayapiti hata ukikaa humo mchana kutwa.

Mzee Maganga peke yake hakucheka. Aliligeuza lile buti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauliza, maji yakiingia kwa juu yanatokea wapi? Swali lilitafsiriwa, mgeni akacheka mpaka akakohoa, akasema basi usiende kwenye maji marefu. Sisi tukamcheka mzee. Mimi nilimcheka kuliko wote, maana nilijiona mtu anayeelewa mambo.

Mgeni alipoondoka alinipa yale mabuti kwa kuwa nilimpatia nyati wake. Mimi hayakunitosha. Miguu yangu unaijua, Mama husema nilizaliwa nayo mikubwa tayari. Kwa hiyo nikampa Deo.

Hapa nataka mnielewe. Sikumpa kwa kujionyesha. Deo alipokuja kambini mwezi wa saba kuwa mbeba mizigo, alikuwa na miguu ya mtu aliyekulia ziwani kwa Mjomba, amezoea mchanga na maji safi. Tope la huku lilimla vidole. Ngozi katikati ya vidole ilitoka, ikaanza kunuka, akawa anatembea kwa visigino. Nilimleta hapa Majengo kwa muuguzi, akapewa dawa ya kupaka, akaambiwa kitu kimoja tu, miguu ikae kavu. Tulitoka pale tunatazamana. Kazi yenyewe ni ya majini, miguu itakaaje kavu? Nilimwambia arudi nyumbani. Alikataa, akasema Anjela ana mimba na yeye hawezi kurudi kwa mke wake na miguu inayonuka na mikono mitupu. Basi nilipopata yale mabuti niliona Mungu amejibu.

Na yalifanya kazi, sitayasingizia. Wiki ya tatu ngozi mpya ilishaota. Tukirudi kambini jioni alikuwa ananiita nione, anatanua vidole kama mtoto, ananiambia, kaka tazama, kimepona na hiki. Alikuwa anayapaka mafuta ya nyati kila siku na kuyafuta kwa ile fulana yake ya kampeni za mwaka jana. Wenzetu wakampa jina la Mgeni. Alikuwa anaitika. Nilimpenda mdogo wangu kila siku ya maisha yake, lakini zile wiki nilimfurahia.

Siku yenyewe tulitumwa watatu, Mzee Maganga, mimi na Deo, kuleta nyama ya nyati iliyobaki ng'ambo ya mto. Asubuhi tulivuka maji yakiwa kwenye miundi. Kwetu kulikuwa na jua, ila kumbe huko juu milimani mvua ilishanyesha. Tuliporudi na mizigo yetu, saa saba hivi, maji yalikuwa mekundu na yamefika kwenye mapaja.

Mzee Maganga alivua katambuga, akazining'iniza shingoni, akachukua fimbo yake ya kupimia. Akatuambia tuvue kila kitu cha miguuni. Deo alisimama ukingoni anatazama miguu yake. Hakubisha. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Kaka, vidole ndio vimepona wiki hii."

Nikamwambia asivue, mimi nitafanya maji yasiingie. Nilikuwa na mpira wa tyubu ya baiskeli uliofunga mzigo wangu. Nikakata vipande viwili. Nikapiga magoti mbele yake, nikaubana mdomo wa buti juu ya suruali, nikazungusha mpira mara tatu, nikavuta kwa nguvu zangu zote, kulia na kushoto. Yeye alikuwa ameweka mkono wake kichwani kwangu asiyumbe. Na fundo nililofunga, Baba, ni lile la madebe ya asali, ulilotufundisha tukiwa wadogo, linaloloana likazidi kukaza. Sikutupii lawama. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sisi watu wa asali tukitaka kitu kisivuje tunajua fundo moja tu, na mkono wangu ulilifunga kabla kichwa hakijafikiri kwamba kitu kisichovuja kuingia hakivuji kutoka.

Mzee Maganga aligeuka akaona. Akasema, "Venanti, hilo usifanye."

Nikamjibu, "Mzee, mambo haya ya kisasa huyajui."

Nilimjibu hivyo mtu aliyenifundisha kazi. Akageukia mto. Akatangulia, akafika ng'ambo. Deo akafuata, mimi nyuma. Nakumbuka alinigeukia katikati akasema hata tone halijaingia. Hatua mbili mbele mto ulikuwa umechimba shimo ambalo asubuhi halikuwepo. Akazama mpaka kifuani, mkondo ukamchukua kwenye maji marefu ya chini.

Sikuogopa, na hilo ndilo linaloniua. Nilijua Deo anaogelea kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Alitupa mzigo, akapiga maji, hata nikaona meno yake, alikuwa anacheka. Kisha nikaona haendi. Maji yalikuwa yamepenya kwa juu kupitia kitambaa cha suruali, yakajaa mle ndani, na mpira ukakataa kuyaachia. Buti la kawaida mtu analipiga teke likatoka. Yale nilikuwa nimeyafunga. Akawa anainama kuyafungua, na kila akiinama kichwa kinaingia majini, anatoka kuvuta pumzi, anainama tena. Watu wakisimulia mtu aliyekufa maji husema alikuwa anapunga mikono. Deo hakupunga. Mikono yake ilikuwa chini, inatafuta fundo langu.

Mimi nilijitupa nikafika nimechelewa. Mzee Maganga, na umri wake ule, alirudi kwenye maji kutoka ng'ambo salama alikokuwa ameshafika. Yeye ndiye aliyempata, ameshikwa kwenye mizizi ya mti. Tulimtoa pamoja. Nilijaribu kufungua kwa vidole nikashindwa, nikakata kwa kisu. Nilipovuta buti la kwanza maji yalimwagika mengi sana, yakaendelea kumwagika. Vidole vyake vilikuwa vizuri, ngozi mpya.

Mabuti niliyaficha kichakani, baadaye nikarudi kuyachukua. Nilijiambia navua ili tumbebe kwa wepesi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Mzee Maganga aliniangalia nikiyaficha, akaendelea kumfuta Deo uso.

Ndiyo maana mlimpokea akiwa hana viatu. Mliniuliza, nikasema maji yalimzidi.

Baba Mdogo, sasa nasema na wewe. Wewe na wazee wenzako ndio mlimwosha. Ulitoka nje umekunja uso, ukasema kwenye miundi ya marehemu kuna alama mbili zimezunguka, za rangi nyeusi, upana wa vidole viwili, na kwamba kuna kitu kilimshika miguu kule majini. Watu wakaanza kuhesabu. Kijana anayeogelea amekufa, kizee kimevuka mara mbili na kipo hai, basi kizee kina lake. Uliona sawa kuhusu zile alama. Ni mpira wa baiskeli. Aliyeufunga alikuwa amekaa karibu na kuni, ameshika kikombe cha uji ulichompa wewe mwenyewe. Nilisikia kila neno na nikaendelea kunywa.

Na wewe Baba, ulipoingia kumuaga ulikaa kule ndani muda mrefu. Dada aliniambia ulipitisha kidole kwenye zile alama. Ulipotoka ulinitazama, kisha ukaangalia mizinga yako. Mpaka leo sijui kama ulilitambua fundo lako. Kama ulilitambua ukanyamaza ili nisipotee na mimi, basi Baba, umebeba mzigo ambao haukuwa wako, na ninaona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Niliporudi kambini nilimfuata Mzee Maganga. Alikuwa anachonga mpini wa shoka. Nilimuuliza mbona hajasema, maana Bwana mwindaji alimhoji na wenzetu walimhoji, na wote aliwaambia mto ulijaa, basi. Hakuacha kuchonga.

Akasema, "Neno hilo si langu. Ni lako na baba yako. Ukilisema, mimi nitaitika kwamba ni kweli."

Mimi nikashika hiyo ahadi yake kama ruhusa ya kukaa kimya. Habari za Mwese zikafika kambini kabla ya mwezi kuisha. Wenzetu wakaanza kutokula naye sufuria moja. Mtu akimkuta kwenye moto anahama. Mpishi, yule aliyenusa soksi, akaanza kumpakulia kwenye sahani ya peke yake na kuisukuma kwa mguu. Mzee alikula. Mwisho walikwenda kwa mkubwa wa kambi wakasema hawaingii porini na mchawi, mzee akaambiwa aende nyumbani akapumzike. Ni mimi niliyembebea begi mpaka kwenye gari. Aliniangalia pale juu ya gari, akangoja. Nilijua anangoja nini. Nikamwambia safari njema.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita. Leo nilikuja Majengo na yale mabuti kwenye mfuko wa sandarusi niyauze, kwa kuwa siwezi tena kulala kitanda ambacho chini yake yapo. Sesi alipokuwa ananiambia habari ya Jumapili, mfuko ulikuwa miguuni kwangu. Nimemfungulia, nimemwonyesha, nimemweleza kama ninavyowaeleza nyie. Amelia, kisha amenitukana, kisha ameniletea karatasi. Muulizeni, yeye ameyaona.

Mtauliza kwa nini sikupanda Mwese mwenyewe niseme kwa mdomo. Sababu mbili. Ya kwanza, vijana wetu nawajua, wakishapata pombe ya kutosha hawangoji misa. Wanaweza kuondoka Jumamosi, wakapita njia ya chini, mimi nikiwa nahangaika na njia ya juu. Ya pili ni kwamba nakuogopa, Baba. Uso wako naweza kuuvumilia ukiwa umekasirika. Siwezi kuuona ukiwa unasikia.

Kwa hiyo mimi nakwenda Sibwesa. Kuna lori la mahindi linaloelekea huko kesho. Nitamwambia mke wa Mzee Maganga mimi ni nani na nimefanya nini, mbele ya majirani zake, halafu nitakaa kwenye kizingiti cha nyumba yao mpaka hili jambo liishe. Mabuti yatakuwa pembeni yangu. Ile mipira miwili ninayo, nitaifunga kwenye miundi yangu kwa fundo lile lile na kuiloweka maji. Baba Mdogo, ukiisikia barua hii na usiiamini, njoo mpaka mlangoni. Kata hiyo mipira mwenyewe, utazame alama itakayobaki, uipime kwa vidole vyako viwili. Ukitaka kuwasha nyumba baada ya hapo, mimi sitatoka kwenye kizingiti.

Sikuombi msamaha, Baba, maana kuomba ni kukulazimisha ujibu. Nikitoka Sibwesa nitapanda. Nitasimama pale kwenye mti wa mpaka wa shamba, nisiingie. Ukiniita nitakuja. Usiponiita nitajua, na sitamlaumu mtu.

Nisalimieni Mama, mwambieni taratibu, na mmshike. Nisalimieni Bibi, yeye msimweleze yote. Mnisalimie katekista, nitahitaji kumwona. Kwa shemeji Anjela nimeanza kuandika salamu mara tatu nikafuta. Dada, kwake nenda wewe mwenyewe leo hii, kabla midomo ya watu haijafika. Mwambie Deo alisema jina lake alipokataa kurudi nyumbani. Mwambie hakuwa na uzembe wowote, aliniamini tu.

Sesi ananihimiza, anataka kufunga kibanda.

Ni mimi mwanao mkubwa, niliyemtoa Deo mikononi mwako mwezi wa saba na kukwambia usiwe na wasiwasi, yuko na mimi,

Venanti